Uzi Wenye Ndevu

Jumatatu, 2 Machi

Naandika nyuma ya kitabu cha vipimo, kwa sababu mbele kumejaa viuno vya watu. Mdogo wangu anaolewa Jumamosi ya tarehe 25 Aprili. Gauni lake nashona mimi. Magauni ya wapambe sita, mimi. Suti ya bwana harusi na ya msimamizi wake, mimi pia. Shangazi, aliyetulea, ameniambia nikiona kichwa kimejaa niandike badala ya kugombana na watu. Nikamwambia sigombani na watu, nawaeleza tu. Akacheka, akanipa kalamu.

Mvua imeanza leo. Nimehamisha cherehani mara mbili kukwepa tone, na tone likanifuata.

Jumatano, 4 Machi

Shemeji mtarajiwa amemleta msimamizi wake nimpime. Ni fundi saa, ana kibanda karibu na posta, na Jumatano hufunga mchana. Mrefu, mkimya, ana vidole vya mtu aliyezoea vitu vidogo. Nilipokuwa nampima mkono alikuwa akisoma kibao changu cha ukutani: HAPA NI KAZINI. HUNA KAZI, ENDELEA NA SAFARI.

"Na aliyechoka?" akauliza.

"Achokee kwake."

Akatazama kiti changu cha pekee, ambacho siku zote nakijaza vitambaa makusudi. Mteja akiketi haondoki, na asipoondoka ataanza kunishauri. Halafu akatazama saa yangu ya ukutani, iliyosimama saa nne kasorobo tangu mwaka juzi. Nilidhani atasema neno. Hakusema, na hilo limenikera zaidi kuliko angesema.

Mkono wake ni sentimita sitini na saba. Nimeupima mara mbili kwa sababu sikuamini.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua. Umeme umekatika. Nimeshona kwa cherehani ya miguu hadi goti likalalamika.

Jumatatu, 9 Machi

Mdogo wangu amebadili mawazo kuhusu rangi ya wapambe. Nimemwonyesha mkasi, na mawazo yakarudi yalikotoka.

Shangazi naye ameanza ule wimbo wake. Kwamba mdogo akimtangulia mkubwa, watu watasema. Nimemwambia waseme, nina miaka thelathini na tano na masikio yameshaota sugu. Akasema, "Hukosi mume kwa sura wala kwa tabia. Unamkosa kwa kile kibao." Niliondoka mezani na sahani yangu. Sijui kwa nini siku hizi siwezi kukaa mahali pamoja. Nikiwa dukani nataka nyumbani, nikifika nyumbani nataka dukani, na katikati ya njia nalowa.

Jumamosi, 14 Machi

Suti ya fundi saa imekwisha. Nimeanza na yake ili nimalizane naye. Imemkaa vizuri mno, mabega yametulia, mgongo haujavuta. Amejitazama kwenye kioo, akaniambia, "Asante, Fundi." Nikamjibu, "Karibu, Fundi." Amelipa, amekunja koti mkononi, amekwenda.

Baada ya hapo duka limekuwa kubwa. Ni mvua.

Jumatano, 18 Machi

Kazi yangu imerudi.

Niandike tena ili niliamini. Miaka kumi na miwili nashona, na hakuna mshono wangu uliowahi kurudi kwa kosa langu. Watu hunenepa, hukonda, huunguza nguo kwa pasi zao wenyewe, hayo si yangu. Mtaa huu mzima unajua ulimi wangu ni mkali na mshono wangu haufumuki. La kwanza wananisamehe kwa sababu ya la pili. Sasa leo fundi saa ameingia na koti, akasimama mlangoni akidondosha maji, akaniambia kwa upole bega la kushoto limeachia.

Limeachia kweli. Urefu wa kidole. Nililigeuza huku na huku nikihisi masikio yanawaka. Nikaomba radhi, neno ambalo kinywa changu hakina mazoea nalo. Akasema hana haraka, atasubiri. Akasubiri, amesimama, nusu saa. Tulizungumza. Alinieleza jinsi mama mmoja alivyoleta saa akidai inachelewa, kumbe kila asubuhi anairudisha nyuma yeye mwenyewe apate kulala. Nilicheka kidogo.

Alhamisi, 19 Machi

Siwezi kuacha kufikiria lile bega.

Jumatano, 25 Machi

Amerudi. Safari hii ni bitana, upande wa mfuko wa ndani. Mshono umekaa wazi, msafi, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu.

Nimemshonea mbele yake, nikajichoma sindano mara mbili. Yeye alijaribu kunituliza. "Ni jambo dogo, Fundi."

"Dogo kwako. Harusini mdogo wangu atavaa kazi yangu, wapambe sita watavaa kazi yangu, shemeji atavaa kazi yangu. Ikianza kuachia mbele ya watu mia tatu, nitashona wapi tena?"

Akafumbua mdomo, akaufumba, akasema mvua imepungua. Haikuwa imepungua.

Alhamisi, 26 Machi

Nimejua. Ni uzi. Hakuna kingine kinachoweza kuwa. Nimekwenda kwa muuza nyuzi wa kona nikamwambia ameniuzia uzi uliooza. Mzee wa watu ameuvuta mbele yangu kwa mikono miwili hadi ukamkata kidole, uzi haukukatika. Nikamwambia unakatika ukishashonwa. Akaniuliza, "Binti yangu, uzi unajuaje kwamba umeshonwa?" Wateja wawili walicheka. Nikamwambia sitakanyaga tena dukani kwake, nikaenda kununua kwingine, mbali, kwenye matope.

Ijumaa, 27 Machi

Nimeamua. Magauni yote sita ya wapambe, yaliyokwisha, nayafumua na kuyashona upya kwa uzi mpya, mshono juu ya mshono. La bibi harusi bado nalipiga bandi tu, mishono ya muda, kwa hiyo hilo limesalimika.

Mdogo wangu alipoona wembe unaingia kwenye gauni la kwanza alikaa chini, kwenye sakafu, akalia. "Dada, zimebaki wiki nne."

"Ndiyo maana naanza leo."

"Na kama si uzi?"

"Kama si uzi ni mimi. Unataka iwe mimi?"

 Akafuta machozi, akaanza kunisaidia kuokota nyuzi.

Jumapili, 29 Machi

Kufumua. Vidole vimevimba.

Jumatatu, 30 Machi

Kufumua. Mvua.

Jumatano, 1 Aprili

Leo ni Jumatano, nami nimejikuta nimefagia duka mara mbili kabla ya saa nane. Nimejiuliza ninamfagilia nani. 

Alikuja saa nane na robo. Pindo la mkono. Nalo ni la uzi wa zamani, nikamwambia, kwa hiyo afadhali nishone koti zima upya kwa uzi mpya, palepale. Alikuwa ametoka kazini moja kwa moja, kile kioo chake cha kukuzia kinaning'inia shingoni kwa kamba. Alisimama muda mrefu kuliko siku zote. Aliuliza magauni yale mezani yamepatwa na nini, nikamwambia ni marekebisho madogo. Sitaki mtu wa upande wa bwana harusi ajue. Aliuliza kama nimekula. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza hivyo.

Shangazi aliingia akatukuta. "Fundi huku, Fundi kule," akasema. "Mkiitana hivyo, nani anamtengeneza nani?"

Niliinama kutafuta bobini ambayo haikuwa imeanguka.

Jumamosi, 4 Aprili

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa hakuna asomaye. Nampenda. Nimeona haya hata kuliandika. Na harusi ikiisha, koti likiwa zima, hatakuwa na sababu ya kupita mlango huu. Mimi ndiye ninayeshona kwa bidii ili asirudi. Ndivyo kazi yangu ilivyo.

Jumatano, 8 Aprili

Amerudi. Bega la kushoto tena.  Nimemwambia aliache, nina kazi nyingi, aje Ijumaa. Alishangaa kufukuzwa haraka vile, akaondoka, na kioo chake akakisahau juu ya meza.

Bega hilo nililishona kwa uzi mpya.

Alhamisi, 9 Aprili

Asubuhi nimefungua mlango wote nipate mwanga, nikalitandika koti. Mshono wazi, msafi, hakuna hata kipande cha uzi. Hapo ndipo nilipokaa juu ya ukingo wa meza. Mshono ukiachia wenyewe huacha nyuzi zake pale pale, zimechanika, zinaning'inia. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Mara nne koti hili limeletwa halina uzi hata mmoja, limesafishwa kama tumbo la saa, na mara nne sikuona. Nilikuwa natazama kwingine.

Nikapekua ndani ya bitana hadi nikapata kipande kimoja kilichomponyoka, kifupi kuliko ukucha. Nikachukua kioo chake mwenyewe, nikakitia jichoni. Uzi uliokatika wenyewe una ndevu. Unavutwa, unachoka, unachanika, ncha yake inakuwa na manyoya. Huu haukuwa na ndevu. Ulikuwa na kidevu kilichonyolewa.

Kikulacho ki nguoni mwako, na safari hii ni nguo niliyoishona mwenyewe.

Ijumaa, 10 Aprili

Nilikuwa nimepanga kupiga kelele. Alipoingia nilijikuta nazungumza polepole, na hiyo ni mbaya zaidi.

"Fundi, saa ikirudi kwako mara nne, unafikiri nini?"

"Kwamba mwenyewe anaidondosha."

"Na kama anaidondosha makusudi?"

Alikitazama kile kioo mezani, na kipande cha uzi nilichokiweka juu ya karatasi nyeupe. Alielewa kabla sijamaliza. Hakukana, hilo namhesabia. Alivua kofia yake iliyolowa akaishika kwa mikono miwili.

"Kibao chako kinasema asiye na kazi aendelee na safari," alisema. "Nilitafuta kazi. Suti ya pili ningeivaa wapi mimi? Nakaa kibandani na saa za watu. Jumatano ya kwanza nilikata nyuzi tatu tu. Nilidhani utanitukana, nitacheka, basi. Lakini uliniomba radhi, na nikashindwa kusema."

"Ukashindwa mara nne."

"Kila mara nilikuja nikiwa nimeamua kusema."

Nikafunua mezani. Magauni manne yalikuwa yameshonwa upya, mawili bado vipande, mikono huku, viuno kule. "Hivi ndivyo ulivyonifanyia. Nilidhani uzi umeoza. Nimefumua yote. Nimemtukana mzee wa watu. Nimemliza mdogo wangu. Miaka kumi na miwili sijawahi kujitilia shaka, na wewe umeniingiza shaka kwa wembe."

Alipauka. Nilimwona akihesabu yale magauni kwa macho. "Sikujua," alisema.

"Nilikwambia. Nilikwambia kwamba kwangu si jambo dogo."

 Nikamwambia atoke, atoke na kioo chake, koti atalipata kwa shemeji. Alitoka bila mwavuli.

Nilikasirika. Ndani ya hasira nikafurahi, maana hakuna aliyewahi kuharibu nguo ili anione. Kufurahi kule kukanikasirisha zaidi. Nimezunguka chumba hadi Shangazi akaniuliza kama natafuta kitu.

Jumamosi, 11 Aprili

Nimefika dukani nimemkuta mlangoni, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ana kibano chake cha saa na taa ndogo. Amefunga kibanda. Amesema amekuja kutoa nyuzi kuukuu zilizobaki vitambaani, hiyo ndiyo kazi anayoiweza, na hasemi lolote mpaka aambiwe.

Sikumwambia aingie. Shangazi alimwambia.

Jumatatu, 13 Aprili

Hatusemezani. Nikitaka kitu namwambia Shangazi. "Shangazi, mwambie fundi saa akunje miguu, mtu anajikwaa." Naye anajibu, "Shangazi, mwambie fundi nimeshaikunja, iliyobaki ndiyo urefu wenyewe." Shangazi amesema akiendelea hivi atadai mshahara wa ukarani.

Lazima nikiri anatoa nyuzi vizuri. Hajachana kitambaa hata mara moja.

Jumanne, 14 Aprili

Mvua. Yeye kwenye ndoo.

Jumatano, 15 Aprili

Nilimsikia akizungumza na mdogo wangu nilipokuwa uani nawasha pasi ya mkaa. Alikuwa anamwomba radhi, moja kwa moja, bila kujipamba. Mdogo wangu akamwambia, "Mimi nimeshakusamehe shemeji, lakini mimi sina kibao." Nilikaa uani mpaka mkaa ukawa majivu, nikalazimika kuwasha upya.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimekwenda kwa muuza nyuzi. Nilipita mbele ya duka lake mara tatu, mvua ikinipiga, kabla sijapiga moyo konde. Nimemwambia, "Mzee wangu, uzi wako ni mzima. Kosa ni langu." Alinifunika na mwavuli wake kwanza, ndipo akajibu, "Nilijua. Ila sikujua kama utarudi."

Njiani nikafikiri kwamba nimechukua siku nane, kutoka siku ile nilipoujua ukweli, kutembea hatua mia mbili na kusema sentensi mbili. Nami kazi yangu ni ulimi. Fundi saa, yeye, kazi yake ni ukimya, na ofisi yake ni kibanda cha upana wa mlango. Simtetei. Nasema tu ni hatua ngapi.

Jumamosi, 18 Aprili

Magauni sita yamekwisha. Nimemwambia moja kwa moja, si kupitia Shangazi: "Ndoo inakuumiza mgongo?"

"Kidogo."

"Vumilia."

Jumanne, 21 Aprili

Leo nimefunga koti lake kwa mara ya mwisho, kila mshono upya. Amesimulia habari ya jogoo wa jirani aliyemeza skrubu ya saa ya mkononi, na jinsi walivyomlinda yule jogoo siku mbili wakimheshimu kama benki. Nilikuwa nashona kwapa la kulia huku nikicheka, machozi yananitoka. Mguu wangu haukuacha kukanyaga.

Alipoondoka alitazama ile saa iliyosimama. Nikamuuliza, baada ya wiki saba, kwa nini hajawahi kusema neno juu yake.

"Ikitembea," akasema, "utajua nimekaa kwa muda gani."

Harusi ni Jumamosi. Koti ni zima. Basi ndiyo hivyo.

Ijumaa, 24 Aprili

Gauni limemkaa mdogo wangu hadi Shangazi akakosa la kusema, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe.

Jumapili, 26 Aprili

Mdogo wangu ameolewa. Sasa niandike la jana taratibu, nisiruke.

Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Ukumbi haukututosha, kwa hiyo sherehe yote ilikuwa uani chini ya turubai. Gauni lilitulia. Wapambe sita waliingia, wakacheza, wakainama, wakainuka, hakuna uzi uliosema neno. Nilikaa mstari wa nyuma nikitazama mishono badala ya watu. Nikimwona mtu anainua mkono, naangalia kwapa kwanza.

Ndipo turubai likaanza kubeba maji. Lilivimba juu ya kichwa cha mdogo wangu, kubwa kama godoro, na watu wakawa wananyoosha vidole tu. Msimamizi akanyakua ufito, akaruka juu ya kiti, akalisukuma kwa nguvu ya mikono yote miwili, ile mirefu. Maji yakamwagikia nje, upande wa uzio. Na katika ukimya wa watu waliokuwa wameshika pumzi, ikasikika sauti ninayoijua kuliko jina langu. Kwapa la kulia, hadi kiunoni.

Watu walicheka, kwa furaha tu. Yeye hakucheka. Alinitafuta kwa macho hadi akanipata, akiwa bado juu ya kiti, ufito mkononi, shati jeupe linachungulia.

"Naapa, Fundi," alisema mbele ya watu mia tatu. "Safari hii si mimi."

Nikapita katikati ya meza. Shangazi alinishika gauni, nikajitoa. Nikamwambia ashuke, ainue mkono. Nikashika nyuzi zilizokuwa zinaning'inia, nikazileta karibu na jicho. Zilikuwa na ndevu. Ndevu nyingi. Zimevutwa, zimechoka, zimechanika. Mwisho wa mshono haukuwa umefungwa. Sikuwa nimerudisha sindano nyuma. Hata mtoto hasahau kurudisha sindano nyuma. Nikakumbuka jogoo.

Ningeweza kusema ni ufito. Ningeweza kusema ni maji, au mikono yake, na watu wote wangekubali. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri hukumu, na nilijua hata nikimsingizia, angenyamaza.

"Si yeye," nikasema, kwa sauti ya kufika mstari wa nyuma nilikokuwa nimeketi. "Ni mimi. Kazi yangu imeachia. Nilishona huku nimesahau ninachoshona."

Muuza nyuzi, ambaye nilimwalika mwenyewe, akaanza kupiga makofi. Sijui kwa nini, na sijui kwa nini wengine wakafuata. Nikatoa sindano niliyoichomeka kwenye pindo langu, nikampiga bandi palepale, amesimama, mkono hewani. Sikio lake lilikuwa karibu.

"Lilete Jumatatu," nikamwambia. "Nilifunge sawasawa."

"Nitakuja," akasema.

Na mtaa haukuanguka. Leo wanawake wawili wamekuja nyumbani, na ni Jumapili, kuuliza kama nina nafasi ya kushona.

Jumatatu, 27 Aprili

Hakuna mvua. Nimefika dukani mapema, nimepanga nyuzi, nimezipangua.

Saa tatu akatokea mlangoni. Mikono mitupu. Hakuna koti, hakuna mfuko, hakuna kitu. Alisimama kwenye kizingiti akikisoma kile kibao neno kwa neno, kama mtu anayekiona leo.

"Koti umelisahau?" nikamuuliza.

"Sikulisahau."

"Kwa hiyo huna kazi."

"Sina kazi yoyote, Fundi."

Nikainuka, nikaondoa vitambaa kwenye kiti.